Hofu ya Usiku

Somo: Ayubu 4:12–16

Neno la mwezi huu nimelichukua katika kitabu cha Ayubu, mlango wa 4. Nawasihi mfungue Biblia zenu kwanza, mkaisome sehemu ile nyumbani pamoja na watu wenu, kisha mrudi katika ukurasa huu, maana sitaiandika hapa neno kwa neno. Elifazi wa Temani, rafiki yake Ayubu, anasimulia khabari ya usiku mmoja. Watu walikuwa wamezama katika usingizi. Mara woga ukamwingia, mwili mzima ukatikisika. Akahisi kitu kikimpita usoni, ngozi ikamsisimka. Palikuwa na umbo mbele yake, wala hakuweza kujua ni la nani. Kukawa kimya, kisha sauti ikanena naye.

Ni wangapi kati yetu wasomao khabari hii wasiseme moyoni, "Haya mimi nayajua"? Katika Kiswahili tunalo neno la zamani kwa hofu ya namna hii: jinamizi. Mtu ameamka, macho yako wazi, anaiona dari na mlango wa chumba chake. Walakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kimelemewa kana kwamba mtu amemkalia. Ataka kupiga kelele, sauti haitoki. Na mara nyingi anajua, bila kuambiwa, ya kuwa chumbani mna mtu mwingine.

Nimelichagua somo hili si kwa kupenda mambo ya kutisha, bali kwa ajili ya jambo lililotokea katika usharika mmoja wa Kilimanjaro niliokuwa nikiutumikia. Jina la usharika nalificha, wala majina ya watu sitayataja.

Palikuwa na mwanamke kijana, fundi wa cherehani, mcha Mungu, mwimbaji wa kwaya. Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa hushona sare za watoto, na kazi ni nyingi kuliko mikono yake. Mwaka ule alikuwa akishona hata saa nane za usiku, akaamka saa kumi na moja kumkatia ng'ombe majani. Akafanya hivi muda wa wiki tatu. Basi usiku mmoja jinamizi likamkaba. Akaona mtu amesimama penye mlango wa chumba, amejitanda kanga kichwani. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu akamtambua, au akadhani amemtambua: ni Bibi jirani yake, mjane mzee, ambaye walikuwa wamegombana naye miezi miwili kabla kwa sababu ya mpaka wa shamba, Bibi akidai ya kuwa masale ya mpakani yameng'olewa na kupandwa upya hatua moja ndani ya kihamba chake.

Asubuhi khabari ikafika bombani kabla ya ndoo za maji kujaa. Hata jioni, kijiji kizima kilikwisha kujua ya kuwa Bibi anawanga. Usiku uliofuata vijana, nao wamebatizwa, walikwenda wakaikata migomba yake kumi na mmoja. Jumapili Bibi hakuonekana kanisani. Na siku ya Jumatatu akaja kwangu mzee wa kanisa pamoja na mwinjilisti, wakaniuliza kwa unyofu kabisa kama inafaa Bibi azuiwe asije Mezani pa Bwana.

Nakiri mbele yenu ya kwamba nilikuwa nimekwisha kusikia maneno haya tangu siku ya kwanza, kabla migomba haijakatwa. Nilisema, "Tuombe," tukaomba, nikaenda zangu. Niliogopa kusema neno, kwa kuwa sikuwa na hakika la kusema ni lipi. Tangu hapo nimejitahidi kujifunza, na ninayoyaandika leo ndiyo niliyopaswa kuyajua siku ile.

Wazee wetu walidhani ya kuwa usingizi ni hali moja tu, kama taa iliyozimwa. Hata wenye elimu wa Ulaya na Marekani walidhani hivyo mpaka juzi juzi. Mwaka 1951, katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi aliyeitwa Eugene Aserinsky alimfunga mwanawe wa miaka minane nyaya ndogo kichwani na karibu na macho, akamlaza, akakesha akitazama mashine kuukuu ikichora mistari katika karatasi. Baadaye usiku ule kalamu za mashine zikaanza kwenda mbio. Akadhani mtoto ameamka. Alipoingia chumbani, mtoto alikuwa amelala fofofo, ila macho yake yalikuwa yakienda huku na huku chini ya kope. Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wakaitangaza khabari hiyo mwaka 1953. Wakajua ya kuwa usingizi una sehemu zake zinazofuatana usiku kucha, kama zamu za askari: usingizi mwepesi, usingizi mzito, na usingizi huu wa macho yanayokimbia, ambao ndio wenye ndoto nyingi na zilizo wazi. Zamu hizi hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na zamu ya ndoto huwa ndefu zaidi kuelekea alfajiri.

Baada yao Mfaransa mmoja, Michel Jouvet wa mji wa Lyon, alionyesha jambo la ajabu kwa paka. Mnyama anapokuwa katika usingizi wa ndoto, viungo vyake hulegea kabisa, kama vimefungwa kamba. Na paka aliyeharibiwa sehemu ndogo sana chini ya ubongo, ile inayofunga viungo, huinuka angali amelala, akanyemelea panya asiyekuwapo. Hivyo ndivyo Muumba alivyotuwekea pingu ya rehema, ili aotaye anapigana asimpige mkewe aliye kando yake. Tena wako watu ambao pingu hiyo imelegea, wengi wao wazee wa kiume. Nao hupiga ngumi na mateke usingizini. Waganga wa Marekani, Schenck na Mahowald, waliuandika ugonjwa huo mwaka 1986. Mwenye hali hiyo apelekwe hospitali, maana mara nyingi ni dalili ya kwanza ya ugonjwa wa ubongo unaokuja baadaye.

Sasa tazameni jinamizi ni nini. Akili imeamka, lakini pingu ya viungo haijafunguliwa bado. Mtu yumo katikati ya mlango, mguu mmoja ndani ya ndoto, mguu mmoja nje. Macho yake yanaona chumba cha kweli, na ndoto inaweka ndani yake mtu asiye wa kweli. Kifua kinaonekana kizito kwa sababu misuli ya mbavu imelegea pamoja na mingine, naye akijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu hawezi. Na woga? Ubongo wa mtu aliyefungwa, asiyeweza kukimbia, hutafuta adui. Na akikosa adui humfanya. Hali hii hudumu nukta chache, ao dakika chache tu, kisha hupita yenyewe. Haimwui mtu.

Wala si jambo la Waafrika peke yao. Wajapani wanalo jina lake, kanashibari, maana yake kufungwa kama kwa chuma. Wajerumani, waliowaletea babu zetu Injili katika mlima huu mwaka 1893, wao wenyewe katika vijiji vyao waliogopa kiumbe kiitwacho Alp, akaliaye vifua vya watu usiku, na mpaka leo ndoto mbaya kwao inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1781 mchoraji Henry Fuseli, mtu wa Zürich aliyekaa London, alichora picha ya mwanamke amelala kichwa kikining'inia, na juu ya kifua chake amechuchumaa jini dogo la kuchukiza. Huyo Fuseli alikuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1761 kabla hajawa mchoraji. Hivyo mambo haya yalijulikana hata katika nyumba za wachungaji. Na mwaka 2011 wataalamu wawili, Sharpless na Barber, walikusanya hesabu za tafiti 35 katika nchi mbalimbali, watu zaidi ya 36,000. Wakaona ya kuwa karibu watu 8 katika kila 100 wamepatwa na hali hii walau mara moja. Lakini kati ya wanafunzi ni 28 katika kila 100. Kwa nini wanafunzi? Uchawi hauwapendi wanafunzi kuliko wengine. Ila wanafunzi hulala kidogo, tena kwa saa zisizo na utaratibu, nalo ndilo lango kubwa la jinamizi. Malango mengine ni masumbufu ya moyo, zamu za kazi za usiku, na kulala chali.

Fikirini basi juu ya yule fundi wa cherehani: saa tatu tu za kulala, wiki tatu mfululizo, na moyoni ugomvi wa mpaka. Ni ajabu gani kama jinamizi lilimjia? Na ni ajabu gani kama lilivaa sura ya mtu aliyekuwa akimfikiria kutwa nzima kwa uchungu, huku mguu ukisukuma cherehani?

Sisemi kwamba Elifazi alipatwa na jinamizi. Maandiko hayasemi hivyo, nasi tusiongeze. Nasema tu ya kuwa yalimpata mambo ambayo mtu ye yote aliyekabwa usiku atayatambua. Na linalonishika mimi katika somo hili si usiku wake, ni asubuhi yake. Elifazi aliamka akafanya nini kwa ile hofu? Aliichukua akaenda nayo kwa mtu mgonjwa aliyeketi katika majivu, aliyezika watoto kumi, akaifanya kuwa ushahidi juu yake. Sauti ya usiku ilimwuliza kama mwanadamu aweza kuwa safi mbele ya Muumba wake. Swali ni la kweli, na lingempasa Elifazi mwenyewe ajiulize. Yeye akalielekeza kwa Ayubu. Akaanza kwa upole, mlango wa 4 na wa 5. Lakini someni mlango wa 22 mwone neno lilivyokua. Hapo anamwambia Ayubu wazi ya kuwa amewanyang'anya ndugu zake, amemnyima maji mwenye kiu, amewafukuza wajane mikono mitupu. Nani aliyeyaona hayo? Hakuna. Sisi wasomaji tunajua tangu mlango wa kwanza ya kuwa si kweli. Mashitaka yale yametoka wapi basi? Yametoka katika moyo uliotaka kupata sababu ya mateso, na usiku mmoja wa hofu ukaupa ujasiri.

Ayubu naye hakuwa na usiku mwema. Katika mlango wa 7 analalamika ya kuwa anapotumaini kitanda kimtulize, anatishwa kwa ndoto hata kutamani kufa. Watu wawili, wote wametishwa usiku. Mmoja anamlilia Mungu kwa sababu ya usiku wake, hata kwa maneno makali. Wa pili anamshitaki jirani. Na mwisho wa kitabu, mlango wa 42, Mungu anamkasirikia yupi? Anamkasirikia Elifazi na wenzake, wala haupokei utetezi wao wa heshima yake. Anawaagiza watoe ng'ombe saba na kondoo waume saba, kisha wakamwombe Ayubu awaombee. Aliyeshitakiwa ndiye anayewaombea washitaki. Hapo pasomeni polepole.

Sasa niseme na ninyi waalimu wa dini na wainjilisti, maana nyumba zenu ndizo zinazobishiwa hodi kwanza. Katika Katekisimo Ndogo mmewafundisha watoto Amri ya Nane, nao wanaijua kwa moyo. Luther anaifasiri ya kuwa haitoshi kutomsingizia jirani. Imetupasa kumtetea, na kuyaeleza mambo yake yote kwa njia iliyo njema. Je! amri hii inalala usiku? Mtu akija kwenu alfajiri akisema, "Fulani amenikaba," msijibu "Pole" na kunyamaza kama nilivyofanya mimi. Ukimya wa mwalimu huhesabiwa kuwa ndiyo. Mwambieni hivi: "Ulichokiona nakiamini ya kuwa umekiona. Hofu yako ni ya kweli. Lakini mtu yule hakuwapo." Maneno haya matatu yaende pamoja, ukiacha la kwanza umemdharau mgonjwa, ukiacha la mwisho umemwua jirani.

Nasema umemwua, wala sitii chumvi. Katika sehemu za Shinyanga na Mwanza wanawake wazee wengi wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na sababu moja iliyotolewa mara kwa mara ni macho mekundu, ambayo mwanamke ye yote huyapata akipikia kuni miaka arobaini. Na mwaka 1995, Pemba na Unguja, ilivuma khabari ya kiumbe kiitwacho Popobawa, kinachowajia watu vitandani. Watu wakalala nje wakiota moto makundi makundi, na mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili akauawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Baadhi ya wataalamu husema chanzo cha khabari zile kilikuwa jinamizi, wengine hawakubali, wakitaja mambo ya siasa za miaka ile. Vyo vyote iwavyo, hofu ilikuwa ya usiku, na mtu akafa.

Mtaniuliza, "Mchungaji, wakataa basi ya kuwa wako pepo wabaya?" Sikatai. Bwana wetu aliwafukuza. Lakini angalieni namna alivyofanya: aliposhughulika na pepo alimponya mgonjwa, wala hakumtuma kumtafuta bibi wa jirani. Apigaye ramli hutoa jina la mtu. Kristo hutoa afya na amani. Hiyo ndiyo njia ya kuzipambanua roho katika jambo hili. Na anayeita jina la Mungu ili kuthibitisha ramli, amevunja Amri ya Pili pamoja na ya Nane. Kuomba na mtu aliyetishwa usiku ni vyema sana. Kumkusanyia watu, kumpigia kelele na kumtoa pepo asiyekuwa naye, huku hamjamwuliza amelala saa ngapi, si vyema.

Mwulizeni basi amelala saa ngapi. Wataalamu wa Marekani waliandika mwaka 2016 ya kuwa mtoto wa miaka 6 hata 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi, na kijana wa miaka 13 hata 18 saa 8 mpaka 10. Na mtu mzima yampasa asipungukiwe na saa 7. Wazazi wanaowaamsha watoto saa kumi za usiku wakasome, na kuwalaza saa tano, wapige hesabu wenyewe.

Tena saa za kulala na kuamka ziwe zile zile. Mwili unayo saa yake ndani. Mwaka 1938 yule Kleitman pamoja na mwanafunzi wake Richardson walishuka katika pango la Mammoth, nchi ya Kentucky, wakakaa humo siku 32, mahali pasipofika jua, wakajaribu kuishi kwa siku za saa 28. Kijana alizoea. Kleitman, aliyekuwa na miaka 43, hakuzoea. Mwili wake ulishika siku ya saa 24 hata gizani. Na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa zawadi ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo ilivyotengenezwa ndani ya chembe za mwili wa inzi wadogo wa matunda. Na chembe zetu zina saa ya namna iyo hiyo. Mwanga ndio unaoitengeneza. Mwanga wa asubuhi huifungua vizuri. Mwanga wa simu machoni usiku huidanganya ya kuwa bado ni mchana. Nimeona nyumba ambamo taa imezimwa, sala imesemwa, na kila mmoja chini ya blanketi anang'aa usoni kama Musa alivyoshuka mlimani, ila mbao wanazozitazama si zile za Musa.

Juu ya kahawa, sisi tuipandayo twajua kuiuza kuliko kuinywa. Lakini kwa vijana wanaojifunza kuinywa niseme ya kuwa nusu ya nguvu yake ingali mwilini baada ya saa tano hivi. Pombe ni mwongo zaidi. Humlaza mtu upesi, kisha humwamsha katikati ya usiku na kumharibia usingizi uliobaki.

Tena msifikiri ya kuwa kila shida ya usingizi ni jinamizi. Yuko akoromaye sana, pumzi ikakatika kitambo, kisha akashtuka kama aliyetolewa majini. Na mchana anasinzia hata akiendesha gari. Huyo apelekwe kwa mganga wa hospitali. Asichekwe, maana ugonjwa huo huuchosha moyo na kupandisha damu. Yuko asinziaye ghafula katikati ya maneno tangu ujana wake, na jinamizi humjia mara nyingi. Huyo naye ana ugonjwa wenye jina na dawa. Na walio karibu na mapori ya mbung'o wakumbuke malale: homa, kichwa kuuma, kisha kusinzia mchana na kukesha usiku, akili ikivurugika. Mwaka 1906 na 1907 Profesa Robert Koch alikaa katika visiva vya Ssese, Uganda, akiwatibu watu wa ugonjwa huo kwa dawa iliyowapofusha baadhi yao macho. Siku hizi ziko dawa bora zaidi, hata za vidonge, ila mgonjwa asicheleweshwe.

Na asinziaye kanisani? Eutiko alianguka kutoka dirishani Paulo alipokuwa akihubiri mpaka usiku wa manane, nasi hatusomi ya kuwa Paulo alimkemea. Alishuka akamkumbatia. Wahubiri wenzangu, tuikumbuke saa.

Mtu akikabwa, afanye nini? Asipigane kwa mwili wote, maana hilo huzidisha woga. Avute pumzi polepole kadiri awezavyo, ajaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu, au ulimi. Aseme moyoni jina la Yesu, midomo haihitajiki. Kidole kikitikisika, pingu imefunguka. Kisha aketi kitambo, anawe uso, alale tena kwa ubavu. Hali hiyo ikirudi mara nyingi, aende hospitali.

Katika Katekisimo, baada ya sala ya jioni, Luther ameongeza neno fupi ambalo wengi wetu hatulifundishi, nalo ni agizo la kwenda kulala mara moja kwa moyo wa furaha. Nalipenda sana neno hilo. Alijua ya kuwa kulala ni kazi ya imani, kwa kuwa mwenye kulala ameacha kujilinda. Zaburi ya 127 husema juu ya wale wanaoamka mapema na kuchelewa kulala, wakila mkate wa taabu, ya kuwa wanafanya bure. Fundi yule aliniambia, "Mchungaji, nisiposhona, ada ya watoto itatoka wapi?" Sikuweza kumjibu upesi, wala sasa sina jibu jepesi. Umaskini huiba usingizi kuliko wachawi wote. Nilimsomea tu khabari ya Eliya chini ya mretemu, jinsi malaika alivyomkuta ametaka kufa, asimhubiri neno, bali akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha kula mara ya pili. Kisha tukazungumza na wanawake wa umoja wao, wawili wakaja kumsaidia kukata vitambaa na kutia vifungo, naye akaizima taa saa nne.

Khabari ya Meza ya Bwana ilikuwa rahisi. Niliwaambia wale wazee ya kuwa anayepaswa kujihoji kabla ya kukaribia ni sisi, si Bibi. Khabari ya migomba ilikuwa ngumu zaidi, maana hakuna kijana aliyekiri mpaka baba mmoja alipolitambua panga la nyumbani mwake kwa utomvu uliokauka.

Hata mwezi ukaisha, fundi alitwaa jani la sale kama ilivyo desturi ya mlima wetu kwa mtu aombaye msamaha, akaenda kwa Bibi pamoja nami na mzee mmoja. Bibi akalipokea, akakaa nalo mkononi muda mrefu pasipo kusema neno. Kisha akauliza migomba italipwa na nani. Tukamwambia vijana wameagizwa kuleta miche kumi na mmoja na kuipanda wenyewe. Akasema, "Kumi na miwili, mmoja ulikuwa na mkungu." Tukakubali. Nikamwomba, kama Ayubu alivyoombwa, amwombee huyu mwanamke usingizi mwema. Alinitazama kwa jicho kali, nami nikaona nimeharakisha. Lakini akaweka mkono juu ya kichwa cha yule fundi, akaomba kwa Kichaga, maneno machache, akimwita mwanangu.

Jinamizi limemrudia fundi mara moja tangu siku ile. Ametikisa kidole cha mguu, likamwacha, na asubuhi hakumwambia mtu ila mumewe. Masale ya mpakani yamerudishwa nyuma hatua moja. Bibi huja kanisani kila Jumapili. Ila haketi mahali pake pa zamani karibu na kwaya, huketi benchi la nyuma kando ya mlango, nasi tumemwachia nafasi hiyo.